Kitufe cha Manjano

Alhamisi, saa nane na nusu, mvua ya Drachten
inaanguka kwa ubavu, kama isiyotaka kuonekana.
Namsukuma Wiebren ukumbini, penye harufu ya supu ya njegere.
Magurudumu yanalia nyii, nyii,
naye anayaitikia, nyii, kwa sauti ileile.
Ana miaka arobaini na mmoja. Mimi ni mdogo wake,
ingawa wageni huniuliza kama ni mwanangu.

Mlango wa chumba ni mzito, umevikwa sponji.
Ukifungwa, dunia inabaki nje pamoja na viatu vyetu.

Humu mna mnara wa kioo, maji yamesimama wima ndani yake,
mapovu yanapanda moja moja, kisha kwa fujo,
bluu, halafu zambarau, halafu rangi ambayo sina jina lake.
Mna nyuzi za mwanga, laini kama tambi zilizoiva,
unajifunika nazo wala hazikuunguzi.
Mna godoro linalonguruma chini chini
kama paka wa jirani akishakubali kushikwa.
Na mna kitufe. Cha manjano,
upana wake kisahani cha chai.

"Akibonyeza," Sjoukje mlezi aliniambia siku ya kwanza,
"chumba kitamjibu."
Nilicheka kidogo, niseme kweli.
Kaka yangu huogeshwa maji yakiwa tayari.
Hulishwa kijiko kikishajaa.
Huvishwa soksi alizochagua mtu mwingine,
mara nyingi mimi, mara nyingi za kijivu.

Majuma matatu alikitazama tu, kwa pembe ya jicho,
kama mtu anayepima mgeni.
La nne, kiwiko kikakiangukia. Ta!
Ukuta mzima ukawa samaki.
Nilipiga makofi kama mwehu.
Yeye hakupiga chochote. Alikiinua kiwiko,
akakishusha tena, polepole,
kuhakikisha.

Ilipoingia Novemba, mambo yakaharibika.
Kila tukikaa dakika kumi, taa zinazimika,
mapovu yanakata roho, godoro linanyamaza.
Nikainuka, nikawasha. Zikazimika. Nikawasha.
"Tazama, Wiebren, bluu! Tazama, samaki!"
Nikaandika barua kwa uongozi, barua yenye makali:
kodi tunalipa, mitambo mibovu, aibu.

Wakamleta fundi, Feike, kijana mwenye mafua.
Akapiga magoti, akafungua kisanduku,
akachokonoa, akapenga kamasi, akafunga.
"Mashine ni nzima, mama. Inazimwa."
"Inazimwa na nani?"
Hakujibu. Alinyoosha bisibisi
kuelekea kwenye kiwiko cha kaka yangu.

Ukikibonyeza na kuachia, chumba kinawaka.
Ukikikandamiza mpaka uhesabu tano, kinazimika chote.
Sjoukje hakulijua hilo. Mimi sikulijua.
Hakuna aliyemfundisha.

Feike akaenda zake. Nikakaa sakafuni, soksi kwa soksi naye.
Kiwiko kikashuka. Moja, mbili,
nilihesabu kimoyomoyo, mdomo umenikauka,
tano.
Giza totoro.

Mkono wangu ukainuka wenyewe kuelekea swichi.
Nikaukalia.

Mwanzoni sikusikia kitu. Kisha maji
yakijipanga upya ndani ya kioo, gugu, gugu.
Kisha mvua, mbali, upande wa pili wa sponji.
Kisha pumzi yake, ambayo miaka yote
nilidhani ni ya kukwaruza,
ikiwa imeshuka, imelainika, haina haraka na mtu.
Alitoa sauti moja, ndogo, ya kooni.
Siyo nyii. Sijapata kuisikia.
Sikumuuliza maana yake, wala sikuitafsiri.

Sjoukje akagonga, muda umekwisha.
Nikasema, ngoja kidogo, bado hajawasha.

Leo asubuhi nimeweka juu ya magoti yake
jozi mbili za soksi: nyekundu, na zile za kijivu.
Nimevuta kiti. Chai imepoa, imefanya utando.
Basi la saa nne limepita,
na la saa tano nalo.
Kiwiko kimetikisika kidogo.
Bado nimekaa.